Namba ya Siri ya Guku Luhende

Jamani, nusu ya kwanza ya habari hii mnaijua wote na mmeicheka mpaka mmechoka, maana hapa Bariadi nadhani hakuna mtu ambaye hajasikia kwamba Minza wa steshenari ya Somanda alimuua mzee wa watu kwa kompyuta, halafu mzee akarudi nyumbani jioni na ng'ombe wake, na mimi huwa nawaacha mcheke, hata nawasaidia kuongeza chumvi, ila nusu ya pili sijawahi kuisimulia kwa mtu kwa sababu nikifika pale nabadilisha mazungumzo. Aibu yangu haiko kule mnakocheka. Leo nitaisema yote, na naomba msinikatishe, kwa sababu nikikatishwa sitaendelea.

Kwetu ni Ngulyati, na Ngulyati tuna kikundi cha kuzikana, kikubwa, kina watu wa vijiji vya jirani mpaka wengine waliohamia mjini kama mimi. Sheria yake ni moja tu: mwenzako akifa, unafika. Mwanaume anafika na chepe au jembe, mwanamke na unga na kuni, unalia, unapika, unazika, unaondoka. Ukikosa bila sababu hakuna atakayekufokea, watakaa kimya tu, na huo ukimya utaukuta siku yako.

Katika kikundi hicho hakuna aliyekuwa mwaminifu kama Guku Luhende (guku ni babu kwa Kisukuma, na hakuwa babu yangu wa damu, alikuwa jirani yetu, aliyekuwa akinipandisha juu ya mkokoteni wa pamba nikiwa mdogo mpaka kituo cha kuuzia pamba na kunirudisha nimelala). Mke wake alishatangulia, mwanawe wa pekee alikwenda machimboni Geita akapotelea huko, na mzee akabaki na ng'ombe wake wachache na woga mmoja ambao hakuwahi kuuficha. "Ng'wanone," aliniambia, yaani mwanangu, "mimi kufa siogopi. Naogopa kuzikwa na watu watano." Kwa hiyo hakuna msiba aliowahi kuukosa, hata wa watu waliogombana naye kwa mipaka ya shamba, utamwona anakuja na chepe lake begani wa kwanza kabisa, na ukimpongeza anakwambia anawekeza.

Sasa katibu wetu, Mama Limi, alikuwa akipiga simu kwa mtu mmoja mmoja kila msiba ukitokea, anamaliza sauti hata kabla hajaanza kulia. Siku moja akaja dukani kwangu akaniangalia kwa jicho lile la kutaka kitu, akasema, "Minza, wewe si ulisomea kompyuta kule Mwanza? Au ulikwenda kunenepa tu?" (Vyote viwili, lakini sikumwambia.) Nikajitia bingwa. Nikamtengenezea mfumo wa kwenye intaneti ambao katibu au mwenyekiti anaingia, anagusa jina la marehemu, na meseji ya msiba inakwenda kwa wanachama wote kwa mara moja.

Wakati natengeneza nilimuuliza swali la maana kabisa, nakumbuka. "Mama, na mtu akitoka kwenye kikundi bila kufa, nifanyeje?" Akashangaa kama nimemtukana. "Atoke aende wapi? Kwetu hatoki mtu. Anazikwa." Basi nikaweka swichi moja tu kwenye kila jina. Ikiwaka, mtu yupo nasi. Ikizimwa, amefariki, na meseji inajituma yenyewe. Ilifanya kazi vizuri mno, tukazika watu wawili kwa utaratibu huo na nikasifiwa mbele za watu, na ninyi mnanijua nikisifiwa ninavyokuwa.

Baadaye wanachama wakataka nao waingie waone nani kafika msibani na nani kakosa. Nikasema sawa, lakini mlango wa hivyo hauachwi wazi, mtu ataingia kwa jina la mwenzake afanye mambo ya ajabu, lazima niweke kufuli. Kila mtu aingie kwa namba yake ya simu na namba ya siri ya tarakimu nne. Ili wazee wasipate shida, ya kuanzia nikaweka mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa kwenye kitambulisho. Na mtu akikosea mara tatu, mfumo umfungie asiingie tena mpaka aje kwangu. Ndivyo wanavyofundisha, na ndivyo inavyotakiwa. Ila kumfungia mtu kunahitaji swichi, na nilikuwa nimechoka, na swichi moja si ilikuwepo pale pale kwenye jina lake? Nikaunganisha hapo hapo, anayefungiwa swichi yake izimwe, nikaenda kununua maandazi. Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo hivyo, jamani, na hayo maandazi yalikuwa ya jana.

Guku Luhende mwaka wake wa kuzaliwa haujui. Anajua alizaliwa baada ya nzige na kabla ya njaa, na wale wa vitambulisho wakamkadiria wakaandika wanavyojua wao. Siku hiyo alikuwa malishoni, akapanda juu ya kichuguu kile cha karibu na lambo (ndiko mtandao unakoshika), akatoa simu yake ya kupangusa, akajaribu mwaka mmoja, akajaribu mwingine, akajaribu wa tatu. Simu ikamwambia akaunti yake imefungwa. Yeye maandishi madogo hayaoni, akairudisha mfukoni akafuata ng'ombe.

Mimi niko dukani natoa fotokopi, simu inalia. "Kwa masikitiko makubwa tunawatangazia kifo cha mwanachama mwenzetu, Luhende wa Ngulyati. Msiba uko nyumbani kwake. Tufike." Nililia pale pale mbele ya wateja, nikafunga duka, nikachukua bodaboda mpaka Ngulyati nalia mgongoni kwa dereva hadi akanionea huruma. Nikakuta uwanja umejaa! Watu hadi nje ya uzio wa minyaa, turubai limeshafungwa, masufuria yako motoni, wanawake wanagaragara chini wakiita mama zao, "mayu wane, Luhende!" na wanaume wameshapima sehemu ya kaburi. Maiti iko wapi? Hakuna aliyejua. Kila mmoja alidhani iko hospitali mjini. Mama Limi alidhani mwenyekiti, Mzee Ndaki, ndiye aliyetuma meseji, na Mzee Ndaki alidhani ni Mama Limi.

Jioni ng'ombe wakaingia, na nyuma yao Guku na fimbo yake.

"Mwadila," akasalimia, macho yamemtoka. "Nani amefariki kwangu?"

Mama mmoja aliyekuwa amebeba sufuria ya uji aliitupa na kukimbia, na wengine wakamfuata bila kuuliza. Guku alipoona watu wanakimbia na wengine wana machozi, na yeye akaanza kulia. "Niambieni basi ni nani, msinifiche, ni mwanangu wa Geita?" Mzee Ndaki akavua kofia, akaivaa tena, akasema, "Luhende, ni wewe."

Nikisimulia kwa watu huwa naishia hapo kwa sababu hapo wanacheka sana, lakini kilichofuata ndicho kikubwa. Guku aligeuka taratibu akauangalia uwanja wote, turubai, kuni, watu wa mjini na viatu vyao, akauliza kwa sauti ndogo, "Hawa wote wamekuja kwangu?" Mzee Ndaki akamwambia wote. Akakaa kwenye kigoda akacheka huku machozi yanamtoka, akasema hakuna kuondoka, akachinja mbuzi, akapita akimshika mkono kila mtu na kumshukuru, "wabeja, wabeja sana," mpaka wale waliogombana naye kwa mipaka. Sijawahi kumwona binadamu ana furaha namna ile.

Ndipo nikasimamishwa. Mama Limi akataka kujua, mbele ya wote, nani alituma. Nikaeleza kuhusu swichi, hakuna aliyeelewa isipokuwa jambo moja. "Yaani kukosea namba tu, umemzika?" akasema. "Hiyo kompyuta yako haina hata adabu ya kuuliza?" Watu walicheka mpaka wakashikana. Tangu hapo mtu akisahau namba yake ya siri popote Bariadi anaambiwa aangalie asikosee ya tatu. Nilitembea na aibu hiyo miezi, na mkiniuliza iliuma namna gani nitawaambia iliuma sana, nilikuwa nikisikia watu wanacheka barabarani najua ni mimi.

Kosa nilirekebisha, hilo mnielewe. Nikatenganisha swichi, ya kufungiwa mbali na ya kufa mbali, nikajaribu na kujaribu tena. Nikaenda kwa Guku kumwekea namba mpya ya siri aichague mwenyewe, akaitaja kwa sauti mbele ya majirani. Nikamwambia, Guku, hiyo ni siri. "Siri ya nini," akasema, "nimeshakufa mbele yao." Alibadilika sana yule mzee. Woga wake uliisha kabisa. Akikutana na mtu anamwambia, "Mimi msiba wangu nimeshauona, ulijaa."

Sasa naingia kwenye nusu yangu.

Ilikuwa kipindi cha mvua. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeongeza kitu kwenye ule mlango wa kuingilia: kwa katibu na mwenyekiti, baada ya namba ya siri mfumo unawatumia na namba nyingine kwa meseji, wakiweka zote mbili ndiyo waingie, ili iwe na uhakika kwamba ni wao kweli. Mchana, simu yangu ikalia. "Kwa masikitiko makubwa tunawatangazia kifo cha mwanachama mwenzetu, Luhende wa Ngulyati."

Mnajua nilisikia nini? Si uchungu. Nilisikia aibu. Kitu cha kwanza kuja kichwani kilikuwa, Minza, umeharibu tena. Na kabla sijavuta kiti, kwenye grupu la wasapu wameshaanza: "Guku kakosea namba tena!" "Minza, mzee wa watu utamuua mara ngapi?" "Safari hii achinje ng'ombe!" na vikaragosi vya kucheka vimejaa.

Nikafungua kompyuta. Na mfumo wangu, ule niliouunda kwa mikono yangu, ukaniambia wazi: aliyeweka taarifa ni mwenyekiti, kwa simu yake, kwa namba yake sahihi ya siri, na ile namba ya pili aliyotumiwa ameiweka sawasawa. Kufuli limefunguliwa na mwenye ufunguo. Nilisoma, nikasema haiwezekani, Mzee Ndaki hajawahi kuingia humu hata siku moja, simu yenyewe anaishika kichwa chini, ataweza namba mbili? Nikampigia, hapatikani. Mama Limi alikuwa Mwanza na binti yake aliyekwenda kujifungua, simu imezimwa. Guku hapatikani, lakini huyo ni kawaida yake, simu yake huwa inachajiwa kwenye duka la kijijini. Ningeweza kupanda bodaboda. Ngulyati si mbali, ninyi mnajua. Mvua ilikuwa inanyesha, ndiyo, lakini sikubaki kwa sababu ya mvua, nilibaki kwa sababu sikutaka kusimamishwa tena mbele za watu, nilitaka niwahi kusahihisha kabla hawajajaa tena uwanjani kwa ajili ya makosa yangu.

Nikaiwasha swichi ya Guku. Nikaandika, nikatuma kwa wanachama wote: "Ndugu zangu, samahani sana, ni hitilafu ya mfumo. Guku Luhende ni mzima. Msihangaike kuja. Minza." Niliisoma kwanza mara mbili nione kama herufi ziko sawa.

Kesho yake nikanunua sukari na mkate, nikaenda Ngulyati kumwomba msamaha. Njia ni tope tupu, dereva akaniacha mbali kidogo nikamalizia kwa miguu, na kwa jinsi nilivyokuwa najisikia mwepesi, nilipofika kwenye minyaa, hata sijaona ndani, nikapaza sauti. "Guku wee! Umekufa tena? Na mbuzi hukuchinja safari hii!"

Nikazunguka uzio nikaingia.

Jeneza lilikuwa juu ya mabenchi. Majirani walikuwa wamekaa, hawa wa kuonana kwa macho, ambao hawahitaji meseji, wala hakuna aliyekuwa amepanda kichuguuni akasoma yangu. Turubai lile lile la siku ile, na chini yake nafasi tupu. Wote walikuwa wameshanisikia. Mama mmoja akainamisha uso kwenye khanga, nadhani kwa ajili yangu, kwa sababu kuna aibu nyingine hata anayeiona anashindwa kukutazama.

Mzee Ndaki akainuka, tope mpaka magotini. Hakunisema kwa kelele zangu. Aliangalia nyuma yangu, barabarani. "Wengine wako nyuma?"

Niligeuka na mimi nikaangalia barabara tupu.

"Alilala juzi hakuamka," akasema. "Nilipanda kichuguuni mwenyewe kwenye mvua, ng'wanone. Namba ya siri niliikumbuka, na ile nyingine ikaja nikaiweka. Halafu simu ikaisha chaji. Ilikwenda?"

"Ilikwenda, baba."

"Nilijua ilikwenda," akasema, na jamani, alikuwa na fahari, mzee wa watu alikuwa na fahari kwamba ameweza. "Ndiyo maana tumechelewesha kuzika. Tulitakiwa tuzike asubuhi, nikasema hapana, Luhende ana watu, tuwasubiri."

Nikapiga magoti pale kwenye tope na mkate wangu. "Baba, niliwaambia wasije. Nilidhani ni mfumo. Nimewaambia ni mzima."

Nilitaka anipige. Ningekuwa na nafuu angenipiga. Alivua kofia yake, akaliangalia jeneza kama anayemwomba mtu radhi, akasema, "Basi tumzike."

Nilikimbia kwenye kile kichuguu, nikateleza nikaanguka, nikainuka, nikapiga simu kwa yeyote. Wengine walisema, "Minza, acha utani, jana umesema mzima." Mmoja alinicheka akakata. Nililia kwenye simu mpaka wengine wakaamini, na hao walitoka mjini kweli, na walifika, lakini walikuta kaburi limeshafukiwa, wakabaki wamesimama na unga wao mikononi hawajui waukabidhi kwa nani.

Wanaume hawakutosha kupokezana, na kwetu wanawake hawashiki chepe makaburini, lakini siku ile Mzee Ndaki aliangalia pembeni akatuacha tushike. Nilikwenda ukutani nikachukua chepe la Guku, lile alilokuwa akilibeba begani kwenda kwenye misiba ya kila mtu, mpini wake umelainika kwa mikono yake, nikafukia nalo mpaka viganja vikatoka malengelenge. Tulikuwa zaidi ya watano. Zaidi ya hapo sikutaka kuhesabu.

Watu wananifariji, wananiambia angalau aliona uwanja wake umejaa akiwa hai, alikufa akijua ana watu. Ni kweli, na usiku mwingine hilo linanisaidia kupata usingizi. Lakini alikuwa na watu kweli, hilo ndilo linaloniumiza, wangekuja wote, walikuwa wameshaitwa na mtu mwenye haki ya kuwaita, ni mimi niliyewarudisha kwa sababu ya kuogopa kuchekwa.

Kikundi hakijanifukuza. Kwetu hatoki mtu, si mnajua. Ila nimeapa, na ninyi ni mashahidi: habari ya kifo cha mtu sitaipinga tena nikiwa nimekalia kiti. Msiba ukitokea nafunga duka, napanda bodaboda, napita nyumba kwa nyumba nawaambia watu kwa mdomo wangu, na nakaa pale mlangoni mpaka mtu avae viatu.

Mfumo bado upo. Kila jina nililiweka sawa, isipokuwa moja. Guku Luhende bado anawaka, nilivyomwasha siku ile. Kumzima ni kugusa mara moja tu, lakini nikimzima meseji itajituma yenyewe kwa watu wote, kwamba msiba uko nyumbani kwake, tufike.